Mchezo wa kuwinda picha: nani ana jicho kali nyumbani?

Kazi ya dhahabu ni kazi ya kutafuta. Mchimbaji wa Misisi anachukua jiwe, analigeuza, analeta tochi karibu, mpaka jicho linakamata ule mstari mwembamba ambao mtu mwingine angepita bila kuuona. Mama anayetwanga mawe naye ana jicho lake: ndani ya karai, chini ya mchanga mweusi, anaona kipunje ambacho sisi wa gazeti hatukioni hata tukivaa miwani. Kwa hiyo mchezo tunaotaka kueleza leo hautakuwa mgeni sana kwa wasomaji wetu.

Mezani, ao chini kwenye mkeka, munalaza ubao mkubwa uliojaa picha zilizobanana: mbuzi, ufunguo, mtumbwi, kiatu, nyoka, sufuria, ndizi, pikipiki. Hakuna mpangilio. Mtu anavuta karata, anatangaza kinachotafutwa, na wote wanainamisha vichwa. Wa kwanza kuweka kidole mahali penyewe anachukua karata. Karata nyepesi inasema kitu kimoja tu, "tafuta kuku." Karata nzuri zaidi inasema aina: vitu 4 vinavyokata, vitu 3 vinavyoelea juu ya maji. Hapo ndipo kelele inaanza. Mtumbwi uliotoboka unaelea ao hauelei? Mvuvi wa Mutambala na mchimbaji wa Lulimba hawatajibu sawasawa, na watoto watapiga makofi kwa yule anayejitetea vizuri.

Ulaya mchezo wa namna hii unauzwa madukani. Unaojulikana sana unaitwa Pictureka: vibao 9 vyenye picha pande zote mbili, karata, na saa ya mchanga. Una ndugu yake mdogo, Dobble, uliotoka Ufaransa mwaka 2009. Ule hauna ubao. Una karata 55 za mviringo, kila moja picha 8, na ajabu yake ni hii: chukua karata mbili zozote, utakuta picha moja inafanana, na ni moja tu. Si bahati, ni hesabu. Tutairudia chini, sababu hesabu ile inaweza kufanywa hata na kalamu ya biki jikoni.

Lakini kwa nini tunaongelea mchezo kwenye ukurasa unaosomwa na watu wa mashimo? Wasomaji wanajua. Papa anakaa wiki 6, pengine miezi 3, kule juu. Barabara ya Lulimba ikiharibika na mvua, hata habari zinachelewa. Siku akifika Baraka, mtoto mdogo anajificha nyuma ya mama yake. Papa anagawa biskuti, anauliza "Masomo inaendelea?", anajibiwa "Ndiyo papa," na maneno yameisha. Kesho yake ameenda kukaa na wenzake. Si ubaya wa moyo; hajui tu aanzie wapi. Ubao wa picha unampa mahali pa kuanzia, nusu saa, bila hotuba.

Tena hauombi kusoma. Papa aliyeacha masomo darasa la tatu, tate ambaye hakuingia darasani hata siku moja, na mtoto wa miaka 6, wote wako sawa mbele ya picha. Mara nyingi mtoto ndiye anashinda, na papa akubali. (Tumeona wazee wenye heshima zao wakificha karata chini ya goti.) Na lugha inakua palepale. Familia zilizokaa Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996, zinasema "sepetu". Jirani hapa anasema "chepeo". Mtoto anatoka shuleni na "pelle" yake. Kitu ni kimoja, na Kibembe cha tate bado hakijaongea.

Kuutengeneza hakuhitaji franka nyingi. Karto ya sabuni ao ya biskuti, muikate vipande 9 vya mraba vilivyo sawa, upana wa daftari. Gundi ni unga wa muhogo uliopikwa na maji mpaka uvutike. Picha mukate kwenye kalenda za zamani, kwenye makaratasi ya bidhaa, kwenye gazeti hili pia mukiisha kulisoma. Zinazopunguka, watoto wazichore wenyewe. Picha 15 kila kibao, jumla 135, zinatosha kuchosha macho. Kwa sababu ni vibao 9, vinaweza kuhamishwa kila jioni ili mtu asikariri. Karata 40, na mmoja anahesabu mpaka 30. Wa kwanza kufikisha karata 6 ameshinda. Pesa isiwekwe: mchezo ukiingiwa na pesa, watoto watasukumwa pembeni.

Sasa jambo ambalo ndilo lilitufanya tuandike. Kwenye ubao wa Fizi, tunashauri muchore pia vitu visivyofaa kuguswa na mtoto: chupa ya merkiri, ile zebaki, kikaango cha kuchomea dhahabu, risasi na bomu, sababu vita vimeacha vingine mashambani, maji ya betri. Halafu muandike karata: "tafuta vitu 3 ambavyo mtoto haguse." Akisha kuweka kidole kwenye chupa, muulizeni polepole: "Uliiona wapi?"

Akijibu, "Iko chini ya kitanda ya papa," basi mchezo usimame kidogo. Merkiri ikichomwa, mvuke wake hauonekani na hauna harufu. Unaingia mapafuni, unashika ukuta, nguo na sufuria, unaharibu ubongo na figo, na kwa mama mwenye mimba unamfikia hata aliye tumboni. Mkataba wa Minamata, ulioanza kufanya kazi mwaka 2017, unataja kuchoma kwenye makazi ya watu kati ya mazoea ya kumalizwa. Chupa itoke nyumbani. Ikimwagika, musifagie, ufagio unaitawanya. Watoto watoke, madirisha yafunguliwe. Nguo za shimoni zifuliwe mbali na zile za watoto. Na kuhusu bomu, mtoto aliyeliona asilisogelee wala kulitupia jiwe. Akaite mkubwa, na mkubwa naye asiliguse, amwambie chefu.

Kuna wazazi watasema: mukichora nyundo na tindo, munamfundisha mtoto kukimbilia shimo. Sisi hatuoni hivyo. Nyundo anaiona kila siku mlangoni. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inampa kadi ya mchimbaji mtu mzima peke yake. Basi iwepo karata "tafuta vya mtu wa miaka 18 kwenda juu," na mtoto ajifunze kwa kidole chake kwamba nyundo ile bado si yake.

Kwa wadogo ambao ubao wa picha 135 unawashinda, ile hesabu ya Dobble inafanyika kwa karata 7 na picha 7, kila karata picha 3. Ya kwanza: samaki, mtumbwi, sufuria. Ya pili: samaki, mbuzi, nyundo. Ya tatu: samaki, embe, taa. Ya nne: mtumbwi, mbuzi, embe. Ya tano: mtumbwi, nyundo, taa. Ya sita: sufuria, mbuzi, taa. Ya saba: sufuria, nyundo, embe. Funua mbili zozote, ulize: "Gani inafanana?" Daima itakuwepo moja. Mzee asiyetuamini ajaribu zote. Ni mara 21 tu.