Kipakatalishi Kinapokataa Kuwaka Baada ya Kusafishwa

Kipakatalishi kilichokuwa kizima kabla ya kusafishwa, kisha kikakataa kuwaka, kwa kawaida hakijafa. Ama kuna kitu kimeachwa kikiwa kimelegea, ama kuna unyevu uliobaki ndani. Haya mawili huchunguzwa kwanza, kabla mwenye mashine hajaambiwa kuwa bodi kuu imeungua.

Haja ya kusafisha ipo kweli. Katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, hasa upande wa Nyatike kwenye machimbo ya dhahabu ya Macalder, vumbi la barabara za murram huingia kwenye feni na kuganda. Huko Homa Bay na Mbita, kandokando ya Ziwa Victoria, makundi ya wadudu wadogo wa ziwani hufuata mwanga usiku na mizoga yao ikaziba matundu ya hewa. Mashine isiyopumua huchemka na kujizima. Tatizo huanzia kwenye namna ya kusafisha. Kompresa ya kujazia magurudumu upepo haifai kabisa: tangi lake hukusanya maji, nayo hutoka pamoja na hewa, na nguvu yake huizungusha feni kupita kiasi hadi ikaharibika. Kitambaa kilicholowa nacho hupenyeza maji chini ya kibodi.

Hatua ya kwanza ni kuacha kubonyeza kitufe. Maji peke yake huharibu polepole; maji pamoja na umeme hupiga shoti papo hapo. Chaja ichomolewe na betri itolewe. Ikiwa betri iko ndani, mfuniko wa chini ufunguliwe na plagi yake itenganishwe na bodi. Kisha kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa sekunde 30 ili umeme uliosalia uishe. Mashine iliyolowa iachwe wazi kivulini, penye hewa inayopita, kwa siku moja au mbili, na zaidi wakati wa masika ya Machi hadi Mei. Kuifukia kwenye mchele hakusaidii. Mchele hauvuti maji yaliyojificha chini ya vipande vya bodi. Maji yakikauka huacha chumvi inayoleta kutu, kwa hiyo sehemu iliyolowa isuguliwe kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Sanitaiza ya mikono isitumike, kwa kuwa huwa na maji na gliserini.

Mashine ikishakauka, chaja irudishwe na taa yake itazamwe. Isipowaka, chaja na soketi ya ukutani zijaribiwe kwanza. Ikiwaka lakini kitufe hakifanyi lolote, utepe mwembamba unaounganisha kitufe na bodi huenda ulichomoka kibodi ilipoinuliwa. Umeme ukatwe tena, kishikizo kidogo cha soketi kiinuliwe, utepe usukumwe hadi mwisho ukiwa umenyooka, kisha kifungwe.

Feni ikizunguka huku skrini ikibaki nyeusi, wa kushukiwa ni RAM. Umeme ukiwa umekatwa, itolewe, meno yake ya rangi ya dhahabu yasuguliwe taratibu kwa kifutio cha penseli, yafutwe, kisha ibanwe hadi vishikizo vya pande zote mbili vilie. Zikiwa mbili, zijaribiwe moja moja. Baadaye mashine ipewe dakika kadhaa, kwani baadhi huchelewa kuwaka mara ya kwanza baada ya kukatiwa umeme wote. Milio au taa zinazopepesa zihesabiwe, maana kila mtengenezaji huzipa maana yake katika kitabu cha maelezo.

Mashine inayowaka na kuzima baada ya muda mfupi, aghalabu plagi ya feni imesahaulika, au kipozeo hakikukaa sawa juu ya prosesa na kinahitaji grisi mpya ya kupitishia joto. Skrubu iliyodondokea ndani nayo huweza kupiga shoti.

Haya yote yakishindikana, ndipo fundi mwenye mita ya kupimia umeme anahitajika, na aambiwe wazi kama maji yaliingia. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo na wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya, ambao kazi zao za miaka zimo ndani ya mashine zao, wakumbuke jambo moja: bodi kuu ikifa, diski mara nyingi huwa nzima na husomeka kwenye kompyuta nyingine. Itolewe kabla mashine haijauzwa kama vipuri.