Nondo wa Mitende na Hasara Yao kwa Aina Mbalimbali za Tende

Nondo wanaoshambulia mitende ni wa namna kadhaa, na kila mmoja ana msimu wake na sehemu ya mti anayoipenda. Anayeharibu si nondo mwenyewe mwenye mabawa, bali kiwavi wake, ambaye huanza kula mara tu anapoanguliwa. Ukubwa wa hasara hutegemea kizazi cha viwavi kilichopo shambani, na hatua ya ukuaji ambayo tunda limefikia wakati huo. Ndiyo maana mitende miwili ya aina tofauti, iliyopandwa bega kwa bega, inaweza mmoja ukapukutisha tende zake na mwingine ukavunwa vizuri.

Tende hupitia hatua zenye majina yanayojulikana na kila mkulima wa Uarabuni. Kwanza huwa kimri, yaani changa na ya kijani. Kisha huwa khalal, ikiwa imekomaa, ngumu, ya njano au nyekundu. Hufuata rutab, inapolainika, na mwisho tamr, inapokauka kiasi cha kuwekwa ghalani. Kila hatua ina nondo wake.

Adui mkubwa wa kimri ni nondo mdogo wa tende, Batrachedra amydraula, anayepatikana Oman, Iraq, Saudi Arabia, Misri na nchi jirani. Wakulima humwita humaira, kwa kuwa tende alizozishambulia hugeuka nyekundu. Ni mdogo kweli: akitandaza mabawa hafikii sentimita 2. Jike hutaga mayai kwenye matunda machanga na kwenye vijiti vya shada. Kiwavi hutoboa tunda karibu na kikonyo, hula nyama yake pamoja na kokwa ambayo bado ni laini, kisha hutoka na kuhamia tunda la pili na la tatu. Anapopita huacha uzi mwembamba kama hariri, unaolifunga tunda kwenye kijiti. Kwa hiyo baadhi ya tende zilizokufa haziangukii chini, bali hubaki zikining'inia, zimesinyaa, nyekundu, na tundu dogo lenye kinyesi cha kiwavi kando ya kikonyo. Wakati wa baridi viwavi hujificha ndani ya vifukofuko vyeupe, katikati ya vilifu na mashina ya makuti, wakingoja majira ya kuchipua.

Hapo ndipo aina ya mtende inapoanza kuleta tofauti. Nchini Oman, aina ya Naghal ni miongoni mwa zinazotangulia kuiva, ilhali Fardh na Khasab huja nyuma sana. Mtende wa mapema na ule wa mwisho haiwi na kimri katika majuma yaleyale, hivyo haikutani na vizazi vilevile vya nondo. Mkulima akipulizia dawa mitende yote siku moja, huenda akaiwahi aina moja na kuichelewea nyingine, kwani kiwavi akishaingia ndani ya tunda dawa ya juujuu haimfikii.

Nondo mkubwa wa tende, Arenipses sabella, hangoji tunda. Kiwavi wake hutoboa karara kabla halijafunguka na kula maua yaliyomo, na hutafuna pia makuti machanga na vijiti vya shada. Karara likiliwa, sehemu hiyo ya mavuno imepotea hata kabla ya uchavushaji.

Afrika ya Kaskazini tatizo kubwa ni Ectomyelois ceratoniae, ambaye hushambulia pia makomamanga. Yeye hupendelea tende zinazoiva, na anayeumia zaidi ni Deglet Nour, tende ya rangi ya asali ambayo Tunisia na Algeria huitegemea katika soko la nje. Mnunuzi akikuta viwavi ndani ya tende, shehena nzima huweza kukataliwa. Nondo huyohuyo aligunduliwa California, Marekani, mwaka 1982, katika mashamba ya Deglet Nour ya bonde la Coachella. Huko ilionekana kwamba viwavi hukulia kwanza ndani ya kimri zilizokatika na kunasa katikati ya shada, kisha kizazi kinachofuata huhamia tende zinazoiva. Kulikung'uta shada na kuondoa matunda hayo kunavunja mnyororo huo.

Ghalani wamo Ephestia cautella na Plodia interpunctella, wanaokula pia nafaka na matunda mengine makavu. Kiwavi mchanga huingilia penye upenyo: ngozi iliyopasuka au shimo lililoachwa na kikonyo kilichong'oka. Kwa hiyo tende yenye ngozi nzima na kikonyo imara huhimili zaidi kuliko ile iliyobanwa na kuchubuka.

Kinga huanzia kwenye usafi: kuokota matunda yaliyoanguka, kukata mashada ya zamani na kusafisha vilifu wanamojificha viwavi. Tunisia, mashada ya Deglet Nour hufunikwa kwa vyandarua vyenye matundu madogo, nondo wasifike kutaga. Hutumika pia bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, ambaye humuua kiwavi anapomla, na nyigu wadogo sana wa jamii ya Trichogramma, wanaotaga ndani ya mayai ya nondo. California hutumia harufu bandia inayofanana na ya nondo jike, ili madume wapotee njia na kushindwa kujamiiana. Kwa ghala, gesi ya methili bromidi iliyotumika kwa miaka mingi imewekewa vikwazo na Itifaki ya Montreal kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Nafasi yake imechukuliwa na fosfini, joto na baridi kali.

Baridi inafaa hata nyumbani. Tende zinazofika Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kabla ya Ramadhani zikionekana na utando wa nyuzi au chembe za kinyesi karibu na kokwa, zimeshaingiwa na hazifai kuwekwa pamoja na nzima. Zilizo safi zikigandishwa kwenye friza kwa nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48 au zaidi, mayai na viwavi wasioonekana hufa. Baada ya hapo huhifadhiwa katika chombo chenye kifuniko kinachobana, nondo wengine wasiingie.