Viliota, Vilitagwa au Viliwekwa? Kutambua Vitu Vigeni katika Udongo wa Kitalu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kasongo. Mama ana kitalu cha michikichi nyuma ya nyumba: mifuko myeusi ya plastiki mia moja na ishirini, kila mmoja na mche wake. Wiki ya pili baada ya kuhamishiwa mifukoni, miche ilianza kuwa ya kahawia kuanzia ncha za majani. Mama alipasua mfuko mmoja aitazame mizizi. Ndani ya udongo alikuta vitu vitatu ambavyo hakuna aliyevitambua: vipunje vyeupe vidogo kama chenga za mchele, kishada cha viduara vya rangi ya maziwa vyenye ukubwa wa kati ya mtama na njegere, na punje moja nyekundu, ngumu, yenye tundu.

Majirani walikuja kutazama. Mmoja akauliza udongo umetoka wapi. Mama akajibu kweli: ameuchota kwa ruhusa kwenye kiwanja cha bibi jirani, mjane aliyekimbia vita Kabambare miaka kadhaa iliyopita na ambaye hana mtoto wa karibu. Ukimya ukapita, kisha mtu akasema neno moja: "Viliwekwa."

Makala hii inahusu neno hilo, na inahusu pia namna ya kutambua vitu vinavyopatikana udongoni. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, si mtaalamu wa wadudu wala wa kilimo. Lakini siku ile niligundua kwamba kazi ya kutambua kitu huanza katika sarufi, mara nyingi kabla mtu hajainama kukitazama.

Kitenzi kinachoficha mtu

Tunafundishwa mwaka wa kwanza kwamba kauli ya kutendwa humwondoa mtenda kwenye nafasi ya kiima. Hatukumbushwi vya kutosha kwamba haimwondoi katika maana. "Viliwekwa" haitaji mtu, lakini inamdai. Anayeisikia hujaza nafasi iliyoachwa wazi, na siku ile nafasi ilikuwa na sura tayari: mwanamke mzee, mgeni, anayeishi peke yake. Siku mbili baadaye watoto wa mtaa walikuwa wakipita mbele ya nyumba yake wakikimbia. Kwetu kila mtu anajua jambo kama hilo linaweza kuishia wapi. Mjane huweza kupoteza nyumba kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Linganisha na vitenzi vingine ambavyo vingeweza kutumika: viliota, vilitagwa, vilidondoka. "Kuota" hakuhitaji mtu. "Kutagwa" nako ni kauli ya kutendwa, lakini mtenda wake ni mnyama. "Kudondoka" kunaweza kuwa na mwenye mali, lakini hakuna nia. Kila kitu kilichomo udongoni kilifika kwa kitenzi fulani, na kukitambua ni kutafuta kitenzi hicho.

Upatanisho wa kisarufi nao hututangulia. Kitu tusichokijua tunakiita "kitu", na tunasema "hiki". Mtu akisema "huyu", amekwisha kudai kwamba kina uhai. Mbele ya mfuko ule nilisikia "hivi", kisha "hawa", kisha tena "hivi", na hakuna aliyekuwa amekigusa chochote. Nikaamua kufanya nilivyofundishwa kufanya na msemaji wa lugha nisiyoijua: kuandika kwanza kinachoonekana, na kuliahirisha jina.

Maswali manne

Nilichukua daftari na kujiuliza maswali manne kwa kila kitu. Kimekaa na nini? Kina umbo na ukubwa gani? Kikibonyezwa kinafanya nini? Na kikiachwa siku chache kinabadilika? Kwa ukubwa nilitumia vipimo vya jikoni, mtama, mchele, njegere, kwa sababu kila aliyesimama pale angeweza kuvihakiki. Sikuonja kitu, na nilichimbua kwa kijiti.

Vipunje vyeupe vidogo havikuwa peke yake. Vilikuwa vimeshika kwenye vipande vya kitu cha kahawia chenye vitundutundu kama sifongo kavu. Vikibonyezwa vilipondeka kama unga uliokandwa. Havikuwa na ganda wala maji ndani. Watu walisema ni mayai ya mchwa, lakini mayai ya mchwa ni marefu kidogo na yanang'aa, na haya yalikuwa mviringo. Mama alikumbuka kwamba alichanganya udongo wa kichuguu, kama wafanyavyo wengi. Hapo jibu lilipatikana. Mchwa wa vichuguu vikubwa hawali kuti na mti moja kwa moja tu, wanalima. Wanajenga masega ya mabaki ya mimea, na juu yake wanaotesha kuvu wa jenasi ya Termitomyces. Vipunje vyeupe ni sehemu za kuvu huyo, chakula cha mchwa wenyewe. Mvua zikinyesha, kuvu huyohuyo hutoa uyoga wa kichuguu ambao sote tunaula. Ndugu yake mmoja, Termitomyces titanicus, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, anaweza kuwa na kofia ya upana wa karibu mita moja. Kitenzi: viliota.

Viduara vya rangi ya maziwa ndivyo vilivyotisha zaidi, kwa sababu kila mtu aliviita mayai ya nyoka. Safari hii nusu ya jina ilikuwa sahihi. Mayai ya nyoka kwa kawaida ni marefu kuliko mapana, ni makubwa zaidi ya haya, na ganda lake ni laini kama ngozi. Mayai ya mjusi wa ukutani ni meupe na magumu, lakini mara nyingi huwa mawili tu. Haya yalikuwa zaidi ya themanini, yamebanana, kila moja kama milimita tano, na ganda lake lilipasuka kwa mlio mdogo. Nilikamua limau juu ya matatu. Mapovu yakatoka, kwa sababu ganda hilo lina chokaa, na asidi ya limau huila chokaa. Nilifanya hivyo mbele ya majirani makusudi, maana jaribio linaloonekana na wote halimhitaji mwenye cheo wa kulithibitisha. Yalikuwa mayai ya konokono mkubwa wa nchi kavu, ambaye huchimba shimo dogo kwenye udongo laini na kutaga mayai mia moja au zaidi kwa mara moja. Manne niliyaweka katika bilauri yenye udongo mbichi na kuifunika kwa kipande cha chandarua. Siku ya tisa wakatoka konokono wadogo, kila mmoja na nyumba yake mgongoni. Kitenzi: vilitagwa.

Kosa la kuita kila duara jeupe "yai" si la Kasongo peke yake. Binamu yangu anayesoma Bruxelles aliwahi kunitumia picha ya chungu cha maua akiuliza ni mdudu gani aliyetaga humo. Ilikuwa perlaiti, kioo cha volkano kinachopashwa moto mkali kiwandani hadi kivimbe kama bisi, kisha kuchanganywa na udongo wa kuuzwa ili upitishe hewa. Kikibonyezwa huwa unga mkavu. Katika udongo wa namna hiyo huwamo pia punje za mbolea inayoyeyuka polepole, za manjano au kahawia, ambazo watu huziponda wakidhani wanaua kizazi cha wadudu. Hata katika udongo wetu kuna kinachofanana na yai lakini hakistahili kuuawa: kifuko cha nyungunyungu, chenye umbo la limau dogo sana na ncha mbili, rangi ya kahawia. Huyo ni rafiki wa mkulima.

Punje nyekundu

Ilibaki punje nyekundu, na hiyo haikuota wala kutagwa. Ilikuwa ya kioo, nyekundu nje na nyeupe katikati. Nilikwenda kumwuliza bibi. Nilimsalimu, nikakaa, nikasubiri anikaribishe kusema. Nilimwuliza tu mahali alipouchota mama udongo ni mahali gani. Akajibu: "Pale ni matongo, mjukuu wangu."

Tongo, wingi matongo, ni mahali palipokaliwa na watu wakahama. Neno hilo linajulikana pwani, na jirani zetu wa Rwanda na Burundi wana amatongo. Tongoni karibu na Tanga ina magofu yake, na mji wa kale wa Kasongo, tofauti na mji wa leo, huitwa Kasongo Tongoni. Mji huo ulikuwa makao makuu ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wa enzi za Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mpaka ulipotekwa na jeshi la Dola Huru la Kongo Aprili 1893. Njia ya misafara kutoka Ujiji ilivuka ziwa, ikapita Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe. Katika njia hiyo shanga zilikuwa fedha. Richard Burton, aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliorodhesha aina za shanga za biashara, na mojawapo ni samesame, nyekundu juu ya nyeupe. Aliandika pia kwamba ilikuwa na jina la utani lenye maana ya kimaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi kutoa chakula chake aipate. Nyingi ya shanga za namna hiyo zilitoka Venezia. Sina maabara ya kupimia umri wa ushanga wetu, lakini maelezo yanalingana, na neno la bibi lilikwisha kutuambia kwamba pale palikuwa na watu. Niliandika mahali na kina ulipopatikana, kwa sababu ushanga bila mahali pake ni kama neno bila sentensi. Kitenzi: ulidondoka.

Niongeze tahadhari moja. Mkoa wetu umepita vita. Kitu cha chuma kisichojulikana kikionekana udongoni, maswali yangu manne hayahusiki: usikiguse, weka alama kwa mbali, waambie wenye mamlaka.

Kilichowekwa kweli

Lakini miche ilikuwa bado inakufa, na hakuna kimoja kati ya vitu vitatu kilichoeleza kwa nini. Konokono wangekula majani, wasingeyaunguza ncha. Nilirudi kwenye mifuko na kunusa. Harufu ilikuwa kali, ya amonia. Mbolea ya kuku isiyooza vizuri huunguza mizizi michanga. Inapaswa kuachwa wiki nyingi kabla ya kutumika. Mbolea hiyo ilikuwa imetoka bandani siku tatu tu kabla ya kujaza mifuko. Nililijua hilo kwa sababu niliibeba mwenyewe, nikiwa na haraka ya kumaliza kazi.

Kwa hiyo aliyesema "viliwekwa" hakukosea kabisa. Kulikuwa na kitu kilichowekwa, na aliyeweka ni mimi. Niliwaambia majirani hivyo kwa kauli ya kutenda, nafsi ya kwanza: "Niliweka mbolea mbichi." Wengine walicheka, na nilifurahi kuchekwa. Tulihamisha miche katika udongo mpya. Sabini na moja ilipona.

Mama alikwenda kwa bibi na chupa ya mawese kuomba radhi. Bibi aliipokea, akauliza ushanga wake uko wapi, kwa kuwa ulitoka kwenye kiwanja chake. Nikamrudishia. Watoto wachache bado wanakimbia wakipita mlangoni kwake. Jina likishatoka mdomoni halirudi lote. Ndiyo maana nawaandikia ninyi, wenzangu mnaosoma lugha. Mtu akiwaita kutazama kitu asichokijua, sikilizeni kwanza kitenzi alichokitumia.