Je, Wajua? Shujaa Huzaliwa kwa Dadu Tatu

Chukua dadu tatu za kawaida, kama zile za ludo, uzirushe mezani na kujumlisha. Zimetoka 8? Basi hiyo ndiyo nguvu ya mtu wako. Rusha tena: 16. Hiyo ni akili yake. Inafuata busara, kisha ustahimilivu wa mwili, wepesi, na mvuto mbele za watu. Ukimaliza mara sita, namba sita kwenye karatasi zimeshakuwa mtu: mnyonge wa misuli, kichwa kinachochemka, afya ya mashaka. Hukumchagua, umepewa. Sasa mtafutie kazi, jina na wenzake wa safari, kwa sababu jioni hiyohiyo anashuka kwenye mahandaki yenye mazimwi.

Utaratibu huo ni wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974. Waliouandika ni Gary Gygax wa Lake Geneva, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota. Toleo la kwanza lilikuwa boksi lenye vijitabu vitatu, bei dola 10, nakala 1,000 tu. Mchezo hauhitaji ubao wala kete, na mwisho wake hakuna bingwa. Mmoja wa wachezaji huwa mwongozaji: yeye ndiye anayejua kilichomo pangoni, na ndiye anayewasemea mazimwi, wenye maduka na walinzi wa malango. Wengine kila mmoja ana mtu wake mmoja. Kinachofanyika hasa ni mazungumzo. “Nasukuma mlango.” “Umekomewa kwa ndani.” “Basi natega sikio kwanza.” Pakiwa na shaka kama jambo litafanikiwa, dadu ndiyo hakimu.

Wanaoutazama mchezo huu kwa mbali huona panga na majoka. Mimi huitazama karatasi. Ukiisoma kwa makini utagundua ni orodha ya mapungufu, iliyopangwa makusudi ili pasiwepo mhusika wa kujitosheleza.

Anza na hesabu yenyewe. Dadu tatu zinaweza kuanguka kwa namna 216. Namna moja tu inaleta 18, na moja tu inaleta 3. Lakini 10 ina namna 27, na 11 ina 27 nyingine, kwa hiyo robo nzima ya mirusho huishia hapo katikati, kwenye ukawaida. Ukitengeneza wahusika 36, tarajia mmoja hivi tu awe na 18 mahali popote kwenye karatasi yake. Wachezaji walilalamika, na baadaye kanuni zikalegezwa: rusha dadu nne, tupa iliyo ndogo kuliko zote, jumlisha tatu zilizobaki. Hapo 18 hupatikana mara moja katika mirusho 62 hivi. Toleo la mwaka 2014 linakupa hata ruhusa ya kuacha dadu kabisa na kugawa namba zilizokwisha kupangwa: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Iangalie hiyo 8. Hata kwenye ukarimu wote huo, kila mtu amebakishiwa udhaifu wake.

Turudi kwa mtu wetu, tumwite Sikudhani. Nguvu 8, akili 16, busara 9, ustahimilivu 6, wepesi 13, mvuto 12. Tumpime kwa kanuni za mwaka 1978, ambazo hazikuwa na huruma. Mpiganaji anatakiwa awe na nguvu 9 au zaidi. Mlango huo umefungwa. Kwa akili 16 anafaa uchawi, na huko ndiko atakakokwenda. Pointi za uhai za mchawi hupatikana kwa dadu ndogo yenye pande nne, na kwa ustahimilivu wa 6 unapunguza moja, ila hazishuki chini ya moja. Maana yake Sikudhani anaanza maisha akiwa na pointi kati ya 1 na 3, na nusu ya wachawi wa aina yake wataanza na pointi moja kamili. Kisu nacho hujeruhi kwa dadu hiyohiyo ya pande nne. Hiyo ni kusema kwamba mtu yeyote mwenye kisu akimfikia, ana nafasi kubwa ya kummaliza kwa pigo la kwanza. Na deraya haruhusiwi kuvaa.

Uchawi wake? Mmoja kwa siku. Akishautumia unafutika kichwani mpaka alale, aamke na kuusoma upya kitabuni. Wazo hilo la uchawi unaosahaulika Gygax alilitoa kwa Jack Vance, mwandishi wa hadithi za kubuni aliyechapisha The Dying Earth mwaka 1950. Linaonekana kama dhuluma hadi uone huo mmoja unafanya nini. Akichagua uchawi wa usingizi, anaweza kulaza mazimwi madogo kumi kwa mpigo, wala hawana nafasi ya kukwepa. Kwa hiyo Sikudhani ni mtu anayeweza kuokoa kila mtu mara moja kwa siku, na anayeweza kuuawa na yeyote saa zote zilizobaki. Lazima mtu asimame mbele yake.

Hapo ndipo kundi linapoanza kupangwa. Kama timu ya mtaani, kila mmoja akitaka jezi namba 9, hakuna wa kukaa golini. Mpiganaji ana dadu ya pande kumi kwa uhai wake na anavaa chuma. Kazi yake, pamoja na kukata, ni kuziba njia. Mlango mwembamba wenye mpiganaji mmoja ndani yake una thamani kuliko uwanja wenye watatu.

Kasisi ana asili ya kuchekesha. Huko Minnesota, kabla vijitabu havijachapwa, Arneson alikuwa akiendesha mchezo wake wa Blackmoor tangu mwaka 1971. Mhusika wa mchezaji mmoja aligeuka mnyonya damu, akajiita Sir Fang, akawa na nguvu hata hakuna aliyemweza. Badala ya kumwondoa kwa amri, waliunda kazi mpya ya kumkabili: mtu wa ibada anayefukuza wafu wanaotembea, mfano wa wale wawindaji wa wanyonya damu kwenye sinema za zamani. Baadaye kasisi akapewa uponyaji, na leo wengi wanamjua kwa bandeji zake tu. Asili yake lakini ni hiyo, dawa ya mchezaji mmoja aliyewazidi wenzake.

Mwizi ndiye aliyekuja mwisho kati ya wanne wakubwa, mwaka 1975, kwenye kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk. Yeye hufungua makufuli, hutegua mitego na kutembea bila kishindo. Usimsifu mapema. Kwa kanuni za 1978 mwizi anayeanza kazi hufanikiwa kufungua kufuli mara 25 katika 100, na kugundua mtego mara 20. Mara nne kati ya tano mtego humwona yeye kwanza. Anachoweza kweli ni kukwea ukuta, mara 85 katika 100, kwa hiyo kundi lenye akili humtumia kwa kupandisha kamba na kumwombea kwa hayo mengine.

Kamba ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kwenye vijitabu vya 1974 kila mhusika hurusha tena dadu tatu, anazidisha kwa 10, na hizo ndizo sarafu zake za dhahabu za kuanzia, kwa wastani 105. Deraya kamili ni 50, upanga 10, ngao 10. Mpiganaji akinunua hivyo vitatu amebakiwa na 35, na ananyata dukani kama mwenye madeni. Kamba ya futi 50 ni sarafu moja. Mienge sita, moja. Wageni humalizia pesa kwenye silaha. Wazoefu hununua kamba, mienge, gunia na mti mrefu wa kuchokonolea sakafu iliyo mbele yao. Sababu imo kwenye kanuni: enzi hizo uzoefu wa mhusika ulipimwa zaidi kwa hazina aliyoitoa nje akiwa hai, na kwa kawaida kuua zimwi kulilipa kidogo kuliko hazina hiyo. Kundi lililochota dhahabu na kutoka bila kupigana lilikuwa limecheza vizuri kuliko lililopigana.

Halafu kuna mpangilio wa kutembea, jambo ambalo makundi mengi hulipuuza hadi mtu afe. Nani yuko mbele? Nani anashika mwenge, maana mwenye mwenge na upanga hana mkono wa ngao? Mchawi awe katikati. Nyuma awepo mwenye chuma, kwa sababu mazimwi hawalazimiki kuja kwa mbele. Mchezaji mmoja achore ramani kwenye karatasi ya miraba, mwingine aandike hazina. Mambo haya ya ukarani hayana utukufu wowote, na ndiyo yanayowarudisha watu nyumbani.

Na jina? Hapa nina msimamo. Mchezaji mgeni hupenda kuandika kurasa tatu za historia ya mtu wake kabla hajajua wenzake ni akina nani: yatima, kijiji kilichochomwa, kisasi. Wazee wa mchezo hawakuhangaika hivyo. Ernie, mtoto wa Gygax na mmoja wa wachezaji wa kwanza kabisa, alichezesha herufi za jina lake Ernest na kupata Tenser. Mchezaji mwingine, Jim Ward, alisoma jina lake kinyumenyume akapata Drawmij. Mdogo wake Ernie, Luke, karatasi yake ilikuwa na M ya mwanamume, ikifuatwa na neno elf, kabila la watu wa msituni wenye masikio yaliyochongoka. Akaitwa Melf, basi. Mshale wa tindikali wa Melf na sahani inayoelea ya Tenser zimo vitabuni hadi leo. Historia za watu hao zilitokana na walichofanya mezani.

Kitu kimoja tu ndicho cha kukubaliana mapema: kwa nini watu hawa wanatembea pamoja. Makundi mengi sasa hukutana siku moja kabla ya mchezo kuanza, kila mtu atengeneze mhusika wake mbele ya wenzake. Ni desturi nzuri. Mwizi anayewaibia wenzake huchekesha usiku wa kwanza; usiku wa tatu meza imevunjika.

Mwaka 2008 toleo la nne liliandika waziwazi kile ambacho wachezaji walikuwa wakikifanya miaka yote, likataja majukumu manne: wa kukinga, wa kushambulia, wa kuwainua wenzake na wa kudhibiti uwanja. Baadhi ya wachezaji walichukia, wakaona siri ya jikoni imebandikwa ukutani. Michezo ya video ilikuwa imeshaikopa siri hiyo siku nyingi: Wizardry ya mwaka 1981 ilikuwa na kundi la watu sita, Final Fantasy ya 1987 wanne, na Baldur’s Gate 3 ya 2023 imerudi kwa wanne.

Januari 2023 kampuni ya Wizards of the Coast, inayoumiliki mchezo huu tangu ilipoinunua TSR, kampuni iliyouchapisha mwanzoni, mwaka 1997, iliweka kiini cha kanuni za toleo la 2014 chini ya leseni ya Creative Commons. Yeyote anaruhusiwa kuzinakili, kuzitafsiri, kuzibadili na hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Kampuni yenyewe imezitoa pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Msomaji mwenye kalamu nzuri ya Kiswahili hahitaji kibali cha mtu. Aanze na kazi nne, mpiganaji, mchawi, kasisi na mwizi. Hizo zinatosha kujaza meza.