Nishati ya Mteremko: Baiskeli, Maji na Udongo katika Mlima Tamalpais

Tarehe 21 Oktoba 1976 kikundi kidogo cha vijana kilikusanyika juu ya barabara ya udongo katika Pine Mountain, karibu na mji wa Fairfax, jimbo la California, Marekani. Waliteremka kwa baiskeli mmoja mmoja, kila mmoja akipimwa kwa saa. Baiskeli zao zilikuwa kuukuu, za miaka ya 1930 na 1940, zenye fremu nzito, matairi manene na gia moja. Breki ilikuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, nayo ilishika pale mpandaji alipokanyaga pedali kinyumenyume. Barabara hiyo hushuka kiasi cha mita 400 katika mwendo wa kilomita 3.4 hivi. Hadi kufika chini, habu ilikuwa imepata moto hata grisi ikageuka moshi, na kabla ya kuteremka tena ilipasa kuifungua na kuijaza grisi mpya. Kutokana na kazi hiyo ya kujaza upya, barabara ikaitwa Repack.

Michezo hiyo ndiyo iliyozaa baiskeli ya milimani. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kuunda fremu mpya kwa ajili ya njia za namna hiyo, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walifungua biashara ya kuuza baiskeli zenye fremu zilizotengenezwa na Tom Ritchey. Habari hizo zimesimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni kwamba milima hiyo ni chanzo cha maji ya kunywa, na kwamba swali lililoletwa na grisi ya Repack ndilo swali linalowahusu pia watunzaji wa mabwawa: nishati ya kitu kinachoteremka huenda wapi?

Tuseme mpandaji pamoja na baiskeli yake wana uzito wa kilogramu 95. Akiwa juu ya Repack anayo nishati kwa sababu ya kimo chake, nayo hupatikana kwa kuzidisha 95 kwa 9.8 kwa 400, yaani jouli 372,400. Akifika chini na kusimama, nishati hiyo yote imekwisha kugeuka kuwa kitu kingine. Sehemu imechukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, lakini sehemu kubwa imekuwa joto ndani ya breki. Kiasi hicho chote cha nishati kingetosha kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi 100, na kubakiza kidogo. Basi si ajabu grisi kuungua ndani ya habu isiyozidi ngumi ya mtu.

Gurudumu linapoviringika bila kuteleza, sehemu ya tairi inayogusa ardhi huwa imetulia juu ya ardhi kwa kitambo kile. Breki husaga ndani ya habu, na udongo hukandamizwa tu. Breki ikikaza kabisa, gurudumu huacha kuzunguka na kuanza kuburutwa. Hapo msuguano huhama kutoka katika habu kwenda kati ya tairi na ardhi, na nishati iliyokuwa ikiunguza grisi hutumika kuchimba udongo. Tofauti kati ya mpandaji stadi na mharibifu wa njia, kwa hiyo, si uzito wala umbo la tairi hasa, bali mahali ambapo nishati yake inasagwa.

Mlima Tamalpais, wenye kimo cha karibu mita 780, umesimama jirani na Pine Mountain, kaskazini ya San Francisco. Makorongo yake yana misitu ya sekoya na mialoni. Kiangazi ni kikavu kabisa. Mvua hunyesha majira ya baridi, na katika mabonde ya juu hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Marin Municipal Water District, shirika la maji la umma lililoanzishwa mwaka 1912, lina mabwawa matano katika eneo hilo. Kongwe ni Lagunitas, lililojengwa miaka ya 1870. Kent lilifuata katika miaka ya 1950. Manne kati ya matano yamefuatana katika mto mmoja, Lagunitas Creek.

Udongo ukiingia bwawani hutuama na kupunguza nafasi ya maji, na ule ulio laini sana huyatia maji matope na kuongeza kazi ya kuyasafisha. Udongo unaoingia mtoni chini ya bwawa la mwisho una madhara mengine. Huko samaki aina ya samoni wa koho hutoka baharini kuja kutaga mayai ndani ya changarawe. Yai huishi kwa oksijeni ya maji yanayopenya kati ya vijiwe. Udongo laini ukiziba nafasi hizo, yai hufa. Samoni wa sehemu hiyo ya pwani waliorodheshwa mwaka 2005 kuwa katika hatari ya kutoweka.

Je, udongo huo huletwa na baiskeli? Hapa hesabu husaidia kuliko hasira. Chukua barabara ya urefu wa kilomita 3.4, yenye upana wa mita 4, inayoshuka mita 400. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake huleta meta za ujazo 272 za maji, yaani kilogramu 272,000. Maji hayo yakifuata barabara mpaka chini, kwa wastani yatashuka mita 200, na yatatoa jouli zipatazo milioni 533. Hiyo ni sawa na nishati ya wapanda baiskeli 1,430 wakiteremka kutoka juu hadi chini. Maji hayana habu. Karibu nishati yake yote husagwa juu ya ardhi. Tena hesabu hii haikutia maji yanayoingia barabarani kutoka mlimani.

Sasa barabara hiyo hiyo ipewe matoleo 100 ya maji, moja kila mita 34. Kila tone litashuka barabarani mita 2 tu kwa wastani badala ya 200, na nishati itakayotumika juu ya udongo mtupu itapungua mara 100, ibaki sawa na ya wapandaji 14 hivi. Maji yaliyobaki yataingia msituni, ambako majani makavu na mizizi huyavunja nguvu.

Kina cha maji nacho kina neno. Nguvu ya maji ya kukwangua ardhi, kwa kila mita ya mraba, hupatikana kwa kuzidisha uzito wa meta ya ujazo ya maji kwa kina na kwa mteremko. Kwa mteremko wa asilimia 12, maji yaliyotandaa kwa kina cha milimita 2 hukwangua kwa nguvu ya nyutoni 2.4 hivi, yakikusanyika katika mfuo wa kina cha sentimita 2, nguvu huwa nyutoni 23.5. Hapa ndipo kosa halisi la gurudumu linapoonekana: huacha mfuo, na mfuo huyakusanya maji. Mwanafunzi aliyeona njia ya kisimani ikigeuka korongo baada ya masika machache amekwisha kuona jambo hilo, ingawa pale mfuo ulikanyagwa kwa miguu.

Mwaka 1994 watafiti Wilson na Seney walitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa katika njia za milima ya Montana. Walinyunyiza mvua ya kutengenezwa juu ya vipande vya njia vilivyopitiwa na waenda kwa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli, wakapima udongo uliochukuliwa. Kwato na miguu vililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, na farasi walizidi wote. Hayo ni matokeo ya udongo wa mahali pamoja, wala hayamwondolei lawama mtu anayeburuta gurudumu. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba kumfukuza mpandaji peke yake hakuponyi njia.

Wajenzi wa njia hufuata kanuni chache. Njia hukatwa kuzunguka ubavu wa mlima, si kushuka moja kwa moja, na mteremko wake usizidi nusu ya mteremko wa ubavu. Kwa nini nusu? Mteremko wa njia ni sawa na mteremko wa ubavu ukizidishwa kwa kosaini ya pembe kati ya njia na mwelekeo ambao maji hupenda kushuka. Kosaini ya nyuzi 60 ni nusu. Kwa hiyo kanuni hiyo huihakikishia njia pembe ya nyuzi 60 au zaidi, hata maji yakaivuka badala ya kuifuata. Uso wa njia huinamishwa kidogo upande wa bonde, na kila baada ya hatua kadhaa njia hupandishwa kidogo kisha ikashuka tena, ili maji yatoke penye kibonde. Wapandaji hufurahia sana mawimbi hayo, nayo huwapunguzia mwendo bila breki.

Kupima mteremko hakuhitaji chombo cha ghali. Ubao ulionyooka wa mita 1 huwekwa ncha moja ardhini, ukasawazishwa kwa chupa ya maji yenye povu moja la hewa. Ikiwa ncha ya pili iko sentimita 12 juu ya ardhi, mteremko ni asilimia 12.

Kwa miongo mingi kanuni za shirika la maji la Marin ziliziweka baiskeli katika barabara za zimamoto tu, kwa mwendo usiozidi kilomita 24 kwa saa, na 8 penye kona zisizoonekana mbele. Kwa upande wa usalama wa waenda kwa miguu, kanuni hizo zina hoja. Kwa upande wa udongo, zina kinaya: barabara za zimamoto ndizo pana na tupu kuliko njia zote, na nyingi hushuka kwa ukali kwa sababu zilikatwa ili magari yafike motoni upesi, bila kufikiria sana maji yatapita wapi. Mwaka 2024 bodi ya shirika iliidhinisha majaribio ya kufungulia baiskeli baadhi ya njia nyembamba. Vyama vya uhifadhi vilipinga, hasa kwa ajili ya mimea na wanyama adimu, na shauri likapelekwa mahakamani.