Kikohozi cha Wazee (Sehemu ya Pili): Mambo Ambayo Nyanya Hayasemi

Katika makala ya kwanza tulisema kuwa kikohozi cha mtu mzima kikipita wiki 8, madaktari hukiita kikohozi sugu. Leo tuingie nyumbani. Kuanzia Kathiani hadi Masinga, mzee akikohoa miezi mitatu mfululizo jamaa husema, "Ni uzee tu," na kazi zikaendelea. Uzee peke yake hauleti kikohozi. Kuna kinachokisababisha, na mara nyingi kinatibika.

Kinachoniuma zaidi ni kile asichokisema. Mwanamke wa miaka 70 aliyezaa watoto saba, misuli yake ya nyonga imelegea. Akikohoa kwa nguvu, mkojo humponyoka. Hawezi kumwambia mwanawe wa kiume, na mkaza mwana naye hufichwa. Basi hujifunga leso mbili, hukaa benchi la nyuma karibu na mlango, na baada ya muda haendi kanisani kabisa. Chama cha akina mama hukutana bila yeye. Matatu ya kwenda Machakos mjini haipandi, maana tangu Korona, mtu akikohoa mara mbili abiria wote humgeukia. Nyumbani wanadhani amechoka.

Usiku halali, mchana anasinzia, mbavu zinamuuma. Wengine hukohoa hadi wakapoteza fahamu na kuanguka, na kwa mifupa ya umri huo, anguko moja laweza kuvunja nyonga.

Mwaka 2003 watafiti wa Leicester, Uingereza, walitoa dodoso la maswali 19 linalopima jinsi kikohozi kinavyomwathiri mtu kimwili, kimawazo na katika maisha yake na wenzake. Zahanati zetu hazina nafasi ya kuuliza maswali 19 foleni ikiwa ndefu. Lakini moja linatosha kuanzia: "Susu (nyanya), kikohozi kimekuzuia kufanya nini?"

Chanzo nacho kitafutwe kwa bidii. Muthokoi, mlo wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, huchukua saa kadhaa kuiva, na anayeupika amekaa kando ya mafiga tangu akiwa msichana. Mwezi wa Julai baridi ikibana, moto huwa ndani na dirisha limefungwa. Moshi wa miaka 50 huharibu njia za hewa hata za mtu ambaye hajawahi kugusa sigara. Kiungulia pia huleta kikohozi, hasa mtu akilala punde tu baada ya kula.

Halafu dawa yenyewe anayomeza mzee inaweza kuwa chanzo. Enalapril, inayotolewa kwa wagonjwa wengi wa presha, huwaletea baadhi yao kikohozi kikavu cha kuwashawasha koo, na wanawake hupatwa zaidi. Daktari akibadilisha dawa, kwa kawaida kikohozi huisha baada ya wiki chache, ingawa kwa wengine huchukua hadi miezi mitatu. Mzee asiiache mwenyewe, kwani presha ikipanda yaweza kuleta kiharusi. Abebe pakiti zote za dawa anazomeza, amwonyeshe daktari.

TB haingoji wiki 8. Kikohozi kikifika wiki 2, au kikija na damu, jasho la usiku au kukonda, apimwe mara moja. Utafiti wa kitaifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa karibu wagonjwa 4 kati ya 10 wa TB nchini Kenya hawakuwa wakigunduliwa. Katika hospitali za umma, kipimo cha makohozi na dawa za TB havilipishwi.

Ukimpeleka nyanya hospitali, mwombee dakika chache peke yake na muuguzi wa kike. Mbele ya mwanawe hatataja mkojo, lakini akiutaja kwa muuguzi atafundishwa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ambayo anaweza kuyafanya akiwa ameketi, bila mtu kujua.

Wiki ijayo: jiko la kuni na namna ya kupunguza moshi wake.