VIZIBO AU VIFUNIKO: NI KIPI KINACHOFAA MASIKIO YA MFANYAKAZI?



Mwezi uliopita tulikaa na wenzetu wa idara ya ufumaji katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Uganda. Mwajiri alikuwa ameliandikia tawi barua. Alisema yuko tayari kuleta vyombo vya kukinga masikio, ila wafanyakazi wachague namna moja tu: ama vifuniko vikubwa vinavyokaa kichwani kama hedifoni za redio, ama vizibo vidogo vinavyoingia katika tundu la sikio, vilivyotengenezwa kwa kipimo cha kila mtu. Chini ya barua paliandikwa kwamba atakayechagua vizibo vya kupimiwa atakatwa gharama yake kidogo kidogo katika mshahara. Jibu lilitakiwa katika wiki mbili.

Mabishano yakaanza. Vijana walitaka vizibo, kwa kuwa wamewaona wanamuziki wakivivaa jukwaani. Wakubwa walitaka vifuniko, kwa kuwa wamevizoea macho. Mzee mmoja aliyefuma kwa miaka 26 bila kitu masikioni alikaa kimya. Tulipomwomba rai yake, alitujibu habari za zamu ya usiku. Hakuwa amelisikia swali. Hapo mabishano yakapoa, na sisi tukaona lazima jambo hili tulieleze vizuri.

KELELE HULIFANYA NINI SIKIO?

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojikunja kama konokono, na humo mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana. Hizo ndizo zinazoipokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Kelele ikizidi, huchoka. Zikipigwa kila siku, hufa, wala haziwezi kuota tena. Kwanza mtu hupoteza sauti nyembamba: sauti za watoto, na herufi kama s na f. Husikia kwamba watu wanazungumza, lakini hayashiki maneno. Wengine hubaki na mlio masikioni usiku na mchana.

Kelele hupimwa kwa desibeli. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu. Kwa hesabu inayofuatwa na wataalamu wengi, mtu aweza kukaa saa 8 penye desibeli 85. Zikifika 88, ni saa 4. Zikifika 94, ni saa moja. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Banda la mashine za kufumia laweza kufika kati ya 95 na 100, na msumeno wa moto wa wakata miti hupita hapo. Kama huna kipimo, simama hatua moja mbali na mwenzako. Ikiwa lazima upaze sauti ili akusikie, kelele imekwisha kufika penye hatari.

WANAMUZIKI WALIULIZA SWALI HILI HILI

Vijana hawakukosea walipotaja wanamuziki. Hedifoni za kichwani ni za zamani: mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin alizitengeneza nyumbani kwake na kuliuzia jeshi la wanamaji. Lakini jukwaani mwanamuziki alisikiliza spika zilizowekwa miguuni pake. Kila mmoja akitaka kujisikia, sauti ikapandishwa, na masikio yakaumia. Mwaka 1995 fundi wa sauti Jerry Harvey alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen visikizi vya kuingia sikioni, vilivyofuata umbo la masikio yake. Tangu hapo waimbaji wengi wanavitumia.

Hata hivyo hedifoni kubwa hazikutupwa. Fundi anayerekodi nyimbo akiwa ameketi chumbani huzipenda, kwa sababu sauti yake ni pana, kama inatoka nje ya kichwa, na kila mtu aweza kuzivaa. Ubaya wake ni joto na uzito. Visikizi vya kupimiwa havianguki mtu akirukaruka, tena huziba makelele ya nje, hivyo muziki husikika bila kupandishwa sana. Ubaya wake ni gharama, na vikipotea huwezi kuazima vya mwenzako. Basi hata kwao jibu hutegemea kazi anayofanya mtu.

Hapa tuwaonye vijana. Visikizi vya simu si kinga. Penye mashine ya desibeli 95, ili wimbo usikike inabidi uupandishe ushindane na mashine. Umeongeza kelele juu ya kelele, na king'ora hukisikii.

VIFUNIKO VYA KICHWANI

Sifa yake ya kwanza ni wepesi wa kuvaa. Mwenye mikono yenye mafuta au dawa ya shamba hahitaji kugusa tundu la sikio. Nyapara aona kwa mbali nani amevaa. Vinamfaa anayeingia na kutoka penye kelele mara kwa mara.

Lakini vifuniko hukinga pale tu mito yake inapogusa ngozi pande zote. Mkono wa miwani, nywele zilizosukwa au kitambaa cha kichwani huacha upenyo, na kelele hupitia hapo. Karibu na tanuri, au juani, masikio hutoka jasho na mtu huvivua. Wengine huukunjua utepe wa chuma ili usibane. Akiisha kuulegeza, amebaki na pambo. Mito ikikauka na kupasuka, ibadilishwe. Kifuniko cha miaka mitano chenye mito iliyochanika ni cha kumwonyesha mkaguzi tu.

VIZIBO VYA KUPIMIWA

Hivi hutengenezwa na mtu aliyefundishwa. Kwanza hulitazama sikio kama ni zima. Kisha huweka kipande cha pamba au sponji ndani ili kulinda kiwambo, na kujaza silikoni laini. Baada ya dakika chache hukauka, akatoa sanamu ya sikio lako, na kwa sanamu hiyo kizibo hutengenezwa.

Kikitoshea vizuri, mtu aweza kukivaa zamu nzima. Hakigombani na miwani, kofia ngumu wala kitambaa, na hakileti joto. Vingine vina kichujio kinachopunguza kelele lakini maneno ya mwenzako yakaeleweka. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu si vizuri kuzima kila sauti. Inatosha kelele inayofika sikioni ishuke mpaka kati ya 75 na 80, ili mtu asikie onyo na mashine inapobadili mlio.

Ubaya wake pia upo. Sauti yako mwenyewe huvuma kichwani kama unasema ndani ya pipa. Kipimo kikikosewa, kelele hupenya, kwa hiyo kila kizibo kijaribiwe sikioni mwa mwenyewe kabla ya kupokelewa. Kioshwe kwa maji na sabuni. Mwenye sikio linalotoa usaha asikivae mpaka atibiwe. Na mwili ukibadilika, sikio nalo hubadilika, hivyo baada ya miaka kadhaa hutengenezwa kipya.

Iko namna ya tatu ambayo barua ya mwajiri iliiacha: vizibo vya sponji vya bei ndogo. Navyo hukinga vizuri vikivaliwa sawasawa. Nawa mikono, kisokote kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie mpaka kitanuke, kama nusu dakika. Kikining'inia mlangoni mwa sikio, hakifanyi kazi.

DAKIKA 30 ZINAZOHARIBU YOTE

Wenzetu waliposikia hesabu hii walinyamaza. Chukua chombo kizuri kinachopunguza desibeli 30. Ukikivaa saa 8 zote, umepata 30. Ukikivua nusu saa tu penye kelele, kinga ya siku nzima haizidi 12. Ukikivua saa moja, haizidi 9. Nusu saa ile ya kelele tupu inabeba madhara kuliko saa saba na nusu zilizobaki.

Basi chombo kikali kinachokuumiza ukakivua ni kibaya kuliko chombo cha wastani unachokivaa mpaka king'ora cha kutoka. Starehe ya kuvaa si anasa, ndiyo kinga yenyewe.

TULIVYOJIBU

Mzee yule tulimwandikia swali kwenye karatasi. Akasoma, akasema, "Leteni kile ambacho mtu hatakivua. Mimi mjukuu wangu akiniita, hunivuta shati." Hakuna aliyebisha tena.

Tawi likajibu barua kwa mambo manne. Kwanza, mashine zitengenezwe: vyuma vilivyolegea vikazwe, mafuta yatiwe, mipira iwekwe chini, kwa maana kinga ya sikio ni hatua ya mwisho. Pili, kusiwe na namna moja tu. Wafumaji wa zamu nzima wapimiwe vizibo, mafundi na wapita njia wapewe vifuniko, na sponji ziwepo kila siku mlangoni. Tatu, masikio ya kila mfanyakazi yapimwe anapoanza kazi na kila mwaka. Nne, mshahara usiguswe hata senti moja.

Hatukuomba hisani. Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1977 unasema kelele isipoweza kupunguzwa kwenye chanzo chake, mwajiri atoe vyombo vya kujikinga na kuvitunza. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, na tangu mwaka 2022 umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Jirani zetu wa Kenya wana kanuni za kelele za mwaka 2005, zinazokataza kupita desibeli 90 kwa saa 8. Tungependa ishuke zaidi, lakini ni ukuta wa kuegemea.

Mpaka tunaandika, mwajiri amekubali kuondoa yale makato. Mengine yangali mezani, nasi hatutaondoka mezani hapo.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yetu hayajafa, ndugu. Katika tawi lako, uliza wiki hii: kelele ni desibeli ngapi, nani ameipima, na vyombo viko wapi? Usiulize peke yako. Ulizeni pamoja.